Wenye Jina Ndio Huvuta

Kwetu Meru mtoto hatafutiwi jina, anakuta linamsubiri. Mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na hapo hakuna mjadala. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili wa kiume, jina lake lilikuwa tayari tangu mimi mwenyewe niko shule ya msingi: jina la baba yangu. Ndugu walikuja kumwona, wamebeba mtori, supu ya ndizi ya mzazi, kwenye chupa. Mjomba wangu mmoja, mtu wa maneno mengi, alimfunua mtoto uso, akamwangalia vizuri, akasema kwa furaha kabisa, "Karibu duniani, mvutaji!"

Chumba kizima kilicheka. Mimi nilikuwa na nyuzi, kucheka kwenyewe ni kazi, lakini hata ningekuwa mzima wa afya nisingecheka. Nilimwambia mjomba anirudishie mtoto wangu.

Nilikasirika kwa sababu nilijua anachosema. Katika ukoo wetu lilikuwa jambo lisilobishaniwa: wenye jina la baba ndio huvuta sigara. Baba mwenyewe anavuta. Babu yake, ambaye ndiye alimrithisha jina hilo, alivuta mpaka masharubu yakawa ya njano. Kwa kaka zangu, kila nyumba ina mwenye jina, na kila mwenye jina alianza mapema, karibu na kipaimara. Suti ya kipaimara haijafuliwa mara ya pili, tayari inanuka moshi. Wadogo zao, baba mmoja mama mmoja, ama hawakuvuta kabisa, ama walikuja kuanza wakiwa watu wazima na kazi zao. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa neno moja tu, damu, na anayekujibu anarudi kwenye chai yake.

Sasa utagombana vipi na damu? Mimi ni mtu wa kugombana, wateja ninaowashonea nguo Elerai, mjini, watakuambia. Nimegombana na wauza vitambaa, na fundi wa cherehani, na mchungaji mmoja kuhusu urefu wa sketi za kwaya. Lakini damu haina mlango wa kugonga. Basi nikawa napigana ninavyoweza. Fundi nguo anajua mengi kwa pua, na kila shati la mwanangu lilipita puani kwangu kabla ya kwenda kwenye beseni. Akirudi shule namsimamisha mlangoni, "Hebu nipulizie." Ananipulizia harufu ya maandazi.

"Mama, hata trafiki hawapimi hivi," ananiambia, na anacheka, na mashavuni anatokea vishimo viwili ambavyo ni vya baba yangu kabisa. Vishimo hivyo kila mtu alivisifia. Mimi vilinitia hofu. Kama amechukua vishimo, atakuwa ameacha nini?

Mwaka jana akaingia darasa la mwisho la kipaimara. Suti yake nilikuwa nimeshaikata, ya bluu iliyoiva, na kitambaa chake nilikigombania kweli kweli. Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika, baba akapiga simu kutoka kihambani kwake, shamba lake la migomba na kahawa juu ya Kikatiti. Kahawa zimeanza kuiva na magoti yake hayamruhusu kuzunguka na ndoo. "Niletee wajina wangu," alisema. Hakuuliza, alisema. Na mtu hamnyimi baba yake wajina wake. Nilimfungia mwanangu nguo, nikamwonya mpaka akaziba masikio, nikamwacha aende.

Wiki hiyo hiyo binti wa dada yangu alikuja kukaa kwangu. Anasoma baiolojia chuo kikuu, na likizo anajifanya kunisaidia kushona vifungo, ila anaongea kuliko anavyoshona. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza katika familia kunijibu swali langu bila kusema damu na kunyamaza.

"Mama mdogo, ni kweli kuna kitu kwenye damu," alisema. "Chuo tunaita jeni."

Niliweka kitambaa chini.

"Lakini subiri kwanza. Hakuna jeni moja imekaa mahali inasubiri mtu apate kipaimara ndiyo iamke. Ni nyingi, na kila moja inasukuma kidogo tu. Kuna mtu akipiga pafu la kwanza anatapika, hataki tena kuiona sigara. Kuna mwingine mwili unaipokea. Huyo anayepokea akikutana na sigara mapema, ataanza mapema. Asipokutana nayo, hizo jeni zitafanya nini? Zitakaa tu."

Nikamwambia kwamba mimi nilipokuwa mdogo niliokota kipande cha baba, nikakivuta nyuma ya banda, nikatapika mbele ya kuku wote wa mama.

"Basi fungu hilo halikukufikia," alisema. "Watoto wa baba mmoja hawagawiwi sawa."

Nilirudi kwenye cherehani, lakini mguu haukukanyaga. Kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikukijua, mpaka kikanitoka mdomoni. "Jina je? Kama hawagawiwi sawa, mbona fungu linamwangukia mwenye jina kila nyumba? Damu imejuaje nani kaitwa nani?"

Binti aliacha sindano hewani. Akanitazama kama mtu aliyesikia simu inaita chumba kingine.

"Jeni hazisomi majina, mama mdogo," alisema taratibu. "Kama ni mwenye jina tu, kila nyumba, basi kuna kitu kingine kinakuja pamoja na jina. Kitu gani, sijui. Watafiti wakitaka kujua mambo kama haya wanatafuta mapacha, wale wa kufanana kabisa. Damu yao ni moja, kwa hiyo pale wanapotofautiana unajua ni jambo jingine. Sasa sisi mapacha tutawatoa—"

"Tunao!" Nilipiga kelele mpaka muuza mkaa wa jirani akachungulia. Mkasi ulianguka. "Tunao, wewe mtoto! Binamu zako!"

Na kweli tunao. Uzazi wa kwanza wa kaka yangu mkubwa ulileta mapacha wa kiume, wanafanana mpaka mama yao aliwatofautisha kwa kovu la kisigino. Kurwa, aliyetangulia kuzaliwa, alipewa jina la baba yangu. Doto alipewa la upande wa mama yao. Miaka yote nimewashonea suruali, miaka yote nimewaangalia, na sikuwahi kufikiri kwamba jibu langu linaingia na kutoka dukani kwangu likidai punguzo.

Niliwapigia simu nikawaambia waje kupimwa nguo za kipaimara cha mdogo wao. Haikuwa uongo, nguo walikuwa wanazihitaji. Walikuja Jumamosi, wanaume wazima wenye watoto, kurwa ana gereji ndogo ya pikipiki, doto alifanya kazi machimboni Mirerani kabla ya kurudi kulima Kikwe. Niliwapima. Mabega sawa, kiuno sawa, mikono sawa. Binti wa dada alikuwa anaandika vipimo, na mimi nilikuwa siwezi kungoja tena.

"Kurwa," nilisema, nikiwa na pini mdomoni, "wewe sigara ulianzaje?"

Alicheka. "Shangazi, mimi sikuanza. Mimi nilitumwa."

"Ulitumwa na nani?"

"Na babu. Si unajua yeye havuti ya kiberiti? Anasema inanuka baruti. Anataka ya kaa la mti wa kahawa. Basi ananiita, 'Wajina, nenda kaniwashie.' Naenda jikoni kwa bibi, nachukua kaa. Sasa kaa halishiki sigara hivi hivi, ukiigusisha tu inaungua pembeni. Lazima uweke mdomoni uvute. Nikivuta ikashika, nampelekea. Tangu nikiwa darasa la ngapi sijui. Kufika kipaimara, nilishakuwa nawasha ya kwake, kisha nawasha ya kwangu."

Nilijua baba anawashiwa kwa kaa. Kila mtu kwetu anajua. Moshi ule wa jikoni ndio uliotulea, na mtoto anayetoka na sigara inayowaka kumpelekea mzee tulimwona kama anayetoka na kiti au maji ya kunawa. Heshima tu. Hakuna aliyewahi kujiuliza moto umeingiaje kwenye ile sigara.

"Na wewe doto?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Wewe hakukutuma?"

"Mimi?" Doto aligeuka na pini zake. "Mimi nilimwomba anitume, akakataa. Alisema moto wa babu unaletwa na wajina wake, akiuleta mwingine unakuwa hauna heri. Nililia siku ile, shangazi. Niliona kurwa anapendwa kuliko mimi."

"Ukaja kuanza lini?"

"Mirerani, ukubwani. Jamaa mmoja alinipa tu tukiwa tumepumzika." Aliona aibu. "Pafu la kwanza, sijui nisemeje. Kichwa kikawa chepesi. Nikasema, kumbe hiki ndicho nilichokuwa nakikosa."

Kurwa alimgeukia haraka. "We! Hayo ni maneno yangu."

"Yapi?"

"Hayo hayo. Ndivyo nilivyojisikia kule jikoni. Hujawahi kuniambia."

"Na wewe hujawahi kuniambia."

Walitazamana kama wamekutana stendi. Binti wa dada alikuwa amesimama juu ya kiti, sijui kakipandia nini. "Mnaona? Mnaona?" alikuwa anapiga makofi. "Damu moja, imepokea sawasawa, mpaka maneno ni yale yale! Lakini mmoja alikutana nayo mtoto, mwingine mtu mzima, kwa sababu jina lilimpeleka mmoja jikoni na mwingine likamwacha uani!"

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Nilimkumbatia kurwa na pini zake zikamchoma bega, akapiga yowe, tukacheka wote mpaka machozi. Miaka yote ile nimenusa mashati! Miaka yote nimeogopa vishimo vya mashavuni! Kumbe jina halikubeba laana yoyote, lilibeba utume. Na utume mimi nauweza. Utume una mtu anayetuma na mtu anayetumwa, na wote wawili nawajua nyumbani kwao.

Kurwa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa anajipapasa bega.

"Shangazi," alisema, "kwani wajina mdogo yuko wapi siku hizi?"

Nilivua tepu shingoni.

Duka nilimwachia binti, na gauni la bibi harusi likiwa halina mkono mmoja. Nilipanda basi la kwenda Moshi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba, midomo inanicheza, mpaka mama aliyekaa karibu nami akasema "Amina" kwa sauti ya chini. Sikumsahihisha. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, na zote mbili zilikuwa zinasukuma gari lile lisilofika. Kikatiti nilishuka nikachukua bodaboda, nikamwambia kijana apandishe kihambani bila kuniuliza habari za mjini.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, kofia usoni, ndoo za kahawa nyekundu miguuni. Mama hakuwepo, alikuwa ameteremka sokoni na kuacha makande motoni. Kabla sijafungua mdomo, mwanangu alitoka kwenye mlango wa jikoni. Sigara ilikuwa mdomoni mwake. Alikuwa ameivuta mpaka mashavu yameingia ndani, ncha ikawa nyekundu, kisha akaitoa, akaishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akainama kidogo na kumpa babu yake. Adabu kamili. Nilimfundisha mwenyewe kumpa mtu mzima kitu namna ile.

Na mimi, pamoja na moto wote niliotoka nao Elerai, ilibidi nianze na salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Za huko?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Hapa salama. Wateja hawajambo?"

"Hawajambo. Magoti je?"

"Yapo tu. Ng'ombe kazaa, umeambiwa?"

"Nimeambiwa, baba." Mwanangu alikuwa ananitazama na alishajua. "Baba, naomba usimtume tena huyu mtoto kukuwashia."

Alitoa moshi. Hakukasirika, alinitazama kama mtu anayeeleza jambo la zamani kwa mgeni. "Ni wajina wangu."

"Ndiyo maana nakuomba."

"Mama, hilo jina ndivyo lilivyo. Mimi babu yangu alivuta, nami nikavuta. Ni damu. Hata nisimtume, itamfikia tu."

"Damu haijui jina, baba!" Nilikuwa nimesimama katikati ya ndoo za kahawa, mikono imepanda juu, adabu imebaki Kikatiti. Nikamwambia yote. Nikamwambia habari za kurwa na doto, damu moja, sura moja, maneno yale yale, na mmoja kuanza mtoto kwa sababu alitumwa na mwingine kuachwa mpaka ukubwani kwa sababu hakutumwa. "Damu ipo, sikatai. Damu inamfungulia sigara mlango. Lakini anayeileta mpaka mlangoni ni nani? Wewe babu yako alikuwa anawashiwa na nani?"

Sigara ilikuwa inaungua yenyewe kwenye vidole vyake. Nilimwona anarudi mbali, kwenye jiko jingine ambalo halipo tena, na nilimwona anafika.

"Mimi," alisema.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini nilikuwa nimepanda mori, na maneno ya binti wa dada, ya nani anatapika na nani mwili unaipokea, yalikuwa bado yako kichwani. Nikamgeukia mwanangu. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, sikumtisha.

"Ukivuta ile ya kuwashia, unajisikiaje? Unataka kutapika?"

Nilikuwa naomba aseme ndiyo. Nilikuwa naomba kwa nguvu zote awe amechukua fungu langu, aniambie ametapika mbele ya kuku, nicheke, nimchukue twende nyumbani. Alitazama miguu yake. Hajawahi kunidanganya, hata nilipokuwa namnusa mlangoni.

"Hapana, mama," alisema. "Mwanzo nilikohoa. Sasa hivi kichwa kinakuwa chepesi. Ni nzuri."

Nilikaa chini, kwenye ngazi, na gauni langu la safari. Furaha ya Elerai yote ilinitoka, nikabaki natazama wingu lililofunika kilele cha mlima. Fungu la damu lipo, basi. Lipo ndani yake kama lilivyo kwa mapacha, na hakuna mzazi atakayelitoa. Kilichobaki ni nani atalipelekea moto, na lini.

Baba alikuwa amesikia. Aliipondaponda ile sigara kwenye mguu wa kiti mpaka ikavunjika, akakaa akihema kwa pumzi yake inayokwaruza. Halafu nilimwona mkono unaingia mfukoni wenyewe, kama unavyoingia siku zote, ukatoa nyingine. Mwanangu naye alinyoosha mkono wake kuipokea, wenyewe, wa kushoto umeshashika kiwiko. Sikuwahi kuona kitu kilichonitia uchungu kama mikono ile miwili ilivyojuana.

Baba aliushika ule mkono wa mjukuu wake, akaushusha. Akachukua fimbo, akainuka. Mwanangu alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa kichwa. Alikwenda mwenyewe mpaka jikoni, goti moja baada ya jingine, akainama mlangoni, akaingia. Tulimsubiri. Moshi ulikuwa unatoka chini ya bati kama kawaida, na makande yalikuwa yanatokota mpaka mfuniko unagonga sufuria. Tulimsikia anakohoa mle ndani.

Alipotoka, sigara ilikuwa mkononi, nyeupe, haijaguswa. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa kwa shida, akairudisha mfukoni.

"Moto umezimika," alisema.

Mwanangu alinitazama, akatazama moshi juu ya paa. Ni mtoto mwenye adabu, akainuka. "Ngoja nikaupulizie, babu."

"Kaa, wajina," baba alisema. "Nimekuambia umezimika."